Tunu za Marekani na Bada ya Tanga

Msafiri arudiye Tanga kutoka Marekani hupimwa na jamaa zake kwa uzito wa sanduku lake. Likifunguliwa, hutoka humo makopo ya siagi ya karanga, maboksi ya mahindi yaliyobanwa yakawa mfano wa magamba ya samaki, pakiti za bisi, korosho zilizotiwa chumvi na chokoleti za kila umbo. Vitu hivi huitwa tunu. Watoto hugombea boksi hata baada ya kilichokuwamo kwisha, na kopo tupu hupangwa kabatini likawa pambo la nyumba. Jikoni, siku hiyo hiyo, bada iliyosongwa kwa unga wa makopa hufunikwa kawa ikasogezwa kando, kwa kuwa yadhaniwa ni aibu kumwandalia mtu aliyetoka mbali chakula cha siku za njaa.

Desturi hii yastahili kupingwa, wala si kwa sababu ya majivuno yaliyomo ndani yake, maana majivuno yapo katika kila mji. Yastahili kupingwa kwa sababu imesimama juu ya kutojua. Muhogo ni chakula kilichotoka bara la Amerika. Mahindi nayo yalitoka huko. Kadhalika karanga, korosho, nanasi, papai, pera, stafeli, nyanya, kiazi kitamu, maharage, na pilipili ile iwashayo ambayo bila yake muhogo wa kukaanga hauliki. Aliyeifunika bada amekificha chakula cha Amerika ili apate nafasi ya kuandaa chakula cha Amerika. Tofauti ya viwili hivyo ni kwamba kimoja kililetwa kikiwa hai, kikaota. Kingine kimeletwa kikiwa kimekwisha kufa, na siku kopo litakapokwanguliwa hakitabaki kitu ila bati.

Pengine atatokea wa kudakiza kwamba Brazil na Mexico si Marekani. Asemalo ni kweli, lakini halimsaidii. Karanga iliyosagwa ndani ya kopo lake asili yake ni kusini mwa bara lile. Mahindi ya boksi asili yake ni Mexico. Na chokoleti ni kakao, mti wa misitu ya Amerika ya kusini. Watu wa Marekani nao waliletewa. Tena karanga ina habari ya uchungu zaidi, kwa kuwa katika majimbo ya kusini ya Marekani ingali na jina la zamani, goober, lililotokana na neno nguba la Kikongo. Waafrika waliochukuliwa utumwani ndio waliolipeleka jina hilo. Mjukuu wa pwani ya Afrika anapolibeba kopo la karanga kutoka Marekani kama ajabu mpya, hana habari ni mikono ya nani iliyoitangulia yake. Ama yale magamba ya mahindi, yalibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, yawe chakula chepesi cha wagonjwa wa nyumba moja ya matibabu. Wagonjwa wa Michigan walipewa kwa amri ya tabibu. Watoto wazima wa Chumbageni hupewa kwa fahari.

Ibn Battuta alipoipita pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa wakiishi kwa ndizi na samaki. Muhogo hakuutaja, wala asingeweza kuutaja, maana ilikuwa imebaki miaka 161 kabla ya Columbus kuvuka bahari. Mashamba ya mrima siku hizo yalikuwa ya mtama, uwele na kunde. Mwaka 1499 Vasco da Gama, akirejea kutoka India na mabaharia waliopukutishwa na kiseyeye, aliichoma moto merikebu yake São Rafael kwenye mafungu ya Mtang'ata, mwendo mfupi kusini mwa Tanga, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mwaka uliofuata Wareno wakafika Brazil, na tangu hapo merikebu zao, zilizozunguka kati ya Brazil, Afrika na Goa, zikawa zachukua mbegu na pingili pamoja na mizinga. Walikuja kutoza ushuru na kupora, wakachukiwa kwa haki, na mwaka 1698 Fort Jesus ikatekwa mikononi mwao. Ngome ilibaki Mombasa peke yake, lakini muhogo ulishika njia ya bara.

Katika neno hili wanafunzi wa lugha wana sehemu yao ya lawama, kwa kuwa ushahidi umo vinywani mwao kila siku nao hawausikii. Nanasi ni neno la Watupi wa Brazil, lililopita katika ndimi nyingi hata likafika sokoni Ngamiani. Kanju, jina la pili la korosho, ni caju ya Wareno, nayo pia ni ya Watupi. Pera kwa Mreno ni tunda la Ulaya lisilofanana hata kidogo na lile linaloitwa pera Muheza. Watu wa pwani walilipokea jina wakalivika tunda jingine, tena la Amerika. Mahindi yamepewa jina la Wahindi, hali hayakuanza India. Kiazi cha milima ya Peru kimeitwa kiazi ulaya. Pilipili imerithi jina la kiungo cha zamani cha India, ikampokonya mwenyewe umaarufu. Karanga ikaitwa njugu nyasa, ipate kutengwa na njugu mawe iliyo ya Afrika hasa. Katika majina yote hayo Amerika haikutajwa hata mara moja. Nchi ya Marekani ilipotajwa katika biashara ya pwani haikutajwa kwa chakula, bali kwa nguo: merikani, kitambaa kigumu kilichofika Unguja kwa majahazi ya Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said wa mwaka 1833. Nguo hiyo ilivaliwa ikachakaa ikaisha. Muhogo haukuwa na jina la kigeni wala cheti cha kuzaliwa, nao haukuisha.

Kuna adui wa pili wa bada, naye ni mgumu zaidi kujibiwa kwa kuwa hujitokeza kama rafiki. Huyu ni yule mwandishi na mhadhiri asifuye vyakula vya asili. Huutia muhogo katika orodha ya mambo ya mababu wa kale, huyatia na mahindi, kisha hukemea kila kigeni. Aghalabu ndiye yule yule atakaye lugha isafishwe maneno ya kuja, huku akitumia nusu ya maneno hayo katika kemeo lenyewe. Mtu wa namna hii akishika kwa ukali sheria aliyoitunga, itampasa aache muhogo, mahindi na maharage yarudi Amerika. Mchele, ndizi, embe na nazi virudi Asia. Yeye abaki na uwele na kunde, bila tui. Hatafanya hivyo. Asili aisemayo haina maana ila hii: kitu kilichopandwa hapa, kikapewa jina hapa, kikapata mpishi hapa. Na kama maana ndiyo hiyo, basi kugombana na kitu kwa kuwa kimetoka ng'ambo ni kazi bure. La kuuliza ni kama kimeota.

Mpishi ndiye aliyeufanya muhogo kuwa wa pwani. Wanawake wa Kidigo, Kisegeju, Kibondei na Kiswahili waliuchukua mzizi uliokuja na pingili tupu, bila kitabu cha mapishi, wakautafutia njia. Waliumenya, wakaukata, wakauanika juani ukawa makopa, wakautwanga, wakausonga ukawa bada iendayo na samaki wa kuchoma au na mchunga, mboga chungu ambayo mlaji wa sukari hawezi kuivumilia siku ya kwanza. Wakachuma na majani yake. Katika nchi kubwa kama Brazil majani ya muhogo huliwa mahali pachache, hasa huko Pará. Pwani ya Afrika yamekuwa kisamvu, mboga ya kila nyumba, yaliyotwangwa kinuni, yakapikwa mpaka yakalainika, yakaungwa kwa nazi na karanga. Sufuria moja ya kisamvu ina jani la Amerika, njugu ya Amerika na tui la mti wa Asia, na hapana mtu duniani awezaye kusema si chakula cha Tanga. Hata ule mti wa mpira wa Ceará, uliopandwa na Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake na kutupwa bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, haukuachwa ukae bure. Ni nduguye muhogo, na wanawake waliutambua udugu huo kwa macho na kwa ulimi. Majani yake yakaingia kinuni. Kampuni zilifilisika, lakini kisamvu cha mpira kingali kikiliwa.

Sifa hizi zisichukuliwe kuwa mapenzi ya kipofu. Muhogo una wanga mwingi na nguvu ndogo ya kujenga mwili, na ule mchungu una sumu ambayo mpishi mwenye haraka hulipia vibaya. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, iliyo mbali na pwani, watu walipatwa na konzo, ugonjwa wa kulemaa miguu uletwao na muhogo usioandaliwa sawasawa wakati wa shida. Hapo ndipo ionekanapo thamani ya ujuzi wa wale wanawake. Mmea ukiletwa bila maarifa yake huwa hatari, na maarifa ya pwani juu ya muhogo hayakuletwa na merikebu yoyote.

Mbona basi ukadharauliwa? Sehemu ya jibu imo katika serikali ya Waingereza, iliyouamuru ulimwe. Kila kaya ilipaswa kuwa na eneo la muhogo kama akiba ya ukame, na asiyekuwa nalo alitozwa faini. Chakula kinachoagizwa na bwana shamba hakiwezi kuwa cha heshima. Watu waliutii muhogo kama walivyoitii kodi, na watoto wao waliposoma wakapata mishahara, wakauacha kama mtu aachavyo sare ya kifungo. Dharau hiyo ina historia, kwa hiyo yaeleweka. Lakini uhuru umekwisha pita miaka sitini, na udhuru huo umezeeka.

Ule mkonge uliozunguka Tanga waweza kuongeza ushahidi, ingawa hauliwi. Asili yake ni Yucatan. Katika miaka ya 1892 na 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida vichipukizi 1,000. Vilivyosalimika safari ni 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na 62 hivyo yalienea mashamba yaliyofanya nchi hii kuwa ya kwanza duniani kwa katani, na mwaka 1964 zilivunwa zaidi ya tani 230,000. Manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali kuikata walipewa posho ya unga wa mahindi. Mmea wa Mexico ulikatwa na mikono iliyolishwa nafaka ya Mexico, na faida ikaenda Ulaya. Haya yatajwa ili isidhaniwe kwamba kila kilicholetwa hai kilileta heri. Kilichofaa kuulizwa tangu mwanzo ni nani mwenye shamba.

Waingereza nao walitamani tunu ya Amerika kutoka udongo wa Tanganyika. Baada ya vita vya pili nchi yao ilipungukiwa mafuta ya kula, na mwaka 1947 wakaanza kufyeka pori la Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo, walime karanga za kutengenezea siagi ya mimea ya jikoni mwa London na Manchester. Matrekta yalivunjika, mvua hazikutii ratiba, udongo ukakauka ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 shauri likaachwa, na hasara yake ilikuwa pauni milioni 36 na zaidi. Wakati wote huo karanga zilikuwa zikilimwa nchini kwa jembe la mkono, zikiuzwa barabarani katika pembe za karatasi, na zikipikwa kashata. Hapana afisa aliyewauliza wauza kashata neno lolote.

Wala shehena za Marekani zilizokuja kwa ukarimu hazikuacha alama kubwa zaidi. Katika miaka ya uhaba, ya 1970 na 1980, yalifika mahindi ya manjano, na wananchi wakaubandika unga wake jina la yanga. Uliliwa kwa shukrani na kwa manung'uniko, kama iwavyo kwa chakula cha kupewa. Kilichobaki kwake ni hilo jina la utani.

Yatosha sasa kutazama mlima ulioko nyuma ya Muheza. Mwaka 1894 mtaalamu Mjerumani aitwaye Warburg aliandika habari za ugonjwa wa kukunjamana majani ya muhogo aliousikia Usambara. Ndio unaoitwa leo batobato. Mwaka 1902 Wajerumani wakajenga chuo cha utafiti Amani. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuchavusha muhogo kwa mti ule ule wa mpira wa Ceará ambao wanawake walikuwa wamekwisha kuutambua kuwa ni ndugu. Wakauzalisha tena na tena na muhogo mtamu hata ikapatikana mihogo iliyostahimili maradhi. Mmoja wao wakulima wanaujua kwa jina la Namikonga. Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kutokana nazo kituo cha Ibadan kilizalisha mihogo iliyoenea Afrika. Mkoa wa Tanga, basi, uliwatumikia walaji wa muhogo wa bara zima, na hali ndani ya mkoa wenyewe bada yafunikwa kawa mgeni akibisha hodi.

Maradhi hayakukoma. Mwaka 1936 Storey alieleza ugonjwa mwingine wa pwani, michirizi ya kahawia, wenye hila kupita wa kwanza. Jani laweza kuonekana zima na shina likasimama vizuri. Mkulima wa Mkinga hung'oa baada ya mwaka mzima wa kungoja, akapasua, akakuta ndani kumeoza rangi ya kutu. Hana la kuuza, hana la kuanika. Wengi huvuna mapema kabla mzizi haujakomaa, na hivyo huuza nusu ya jasho lao. Madhali tajiri na msomi wamekwisha kuhamia mkate wa ngano, ambayo sehemu yake kubwa yanunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, msiba huo hauwafikii mezani, na usiofika mezani kwao haufiki upesi katika bajeti.

Zipo tunu za Amerika zilizopata kuletwa kwa akili. Katika miaka ya 1970 aliingia Kongo mdudu mweupe mfano wa unga, aliyetoka Amerika ya kusini, akashambulia vikonyo vya muhogo nchi baada ya nchi mpaka akafika Tanzania. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay nyigu mdogo kuliko sisimizi, adui wa mdudu huyo, na kituo cha Ibadan chini ya Hans Herren kikamzalisha na kumwachia Afrika. Mdudu akadhibitiwa karibu kila alikopita, bila mkulima kununua dawa hata chupa moja. Nyigu huyo hakufungwa utepe, na wengi waliookolewa naye hawajasikia habari zake mpaka leo.

Na ipo tunu nyingine inayongoja. Huko Colombia, karibu na mji wa Cali, imehifadhiwa mihogo ya aina zaidi ya 5,000 iliyokusanywa Amerika. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya mihogo ya Amerika ya kusini, ilipojaribiwa kwa virusi vya michirizi ya kahawia, haikushikwa. Hilo ndilo jambo la kuletwa Tanga. Halitaletwa na jamaa katika sanduku, wala asijaribu, maana mdudu mweupe yadhaniwa alivuka bahari kwa pingili za mtu asiye na kibali. Litaletwa katika vichupa vya kioo vyenye miche mororo, vikiwa na hati za wakaguzi wa mimea, vipitie karantini na uchavushaji wa miaka mingi na Namikonga na wenzake, kisha vipokewe na watu wanaoujua muhogo shambani na jikoni. Vyuo vya nchi hii vyatoa wangapi wa kazi hiyo kila mwaka? Na katika hao, ni wangapi watakaokiri mbele ya wenzao kwamba jana usiku walikula bada?